Ajali za ndege za kunyunyizia dawa mashambani: tuyafungue maneno "kosa la rubani"

BawaChini (mwanzisha uzi)

Wakuu, ndege ya kunyunyizia dawa ikianguka taarifa huishia kwenye maneno matatu: kosa la rubani. Uzi huu ni wa kuuliza kosa hilo lilianzia wapi. Karibuni marubani, mafundi, wapakiaji, mabwana shamba na wenye mashamba. Naanza na waya, maana ndio unaotajwa zaidi na kueleweka vibaya zaidi.

Kwanza hesabu ndogo. Air Tractor AT-502 ikiwa kazini hupita mita 3 hivi juu ya mazao, kasi karibu kilomita 225 kwa saa. Hiyo ni mita 62 kila sekunde. Shamba la mita 800 linaisha kwa sekunde 13. Rubani anafunga dawa, anavuta juu, anakata kona, anarudi mstari unaofuata. Kona ikichukua sekunde 40, kwa saa moja amekata kona zaidi ya 60, zote karibu na ardhi. Macho yakiona waya sekunde mbili kabla, umbali uliobaki ni mita 124, na ndege yenye tangi lililojaa hairuki ghafla kama panzi.

Watu wengi hudhani anayegonga waya ni yule ambaye hakujua kama upo. Wachunguzi wa ajali wa Australia, ATSB, walipitia ajali za kugonga waya kuanzia 2001 hadi 2010. Zilikuwa 180, na 100 kati yake zilikuwa za kazi za kilimo. Katika asilimia 63, rubani alikuwa anaujua waya aliougonga. Aliuona asubuhi, pengine aliuruka mara kumi, ya kumi na moja akili ikawa kwenye nozeli iliyoziba, kwenye skrini ya GPS, au kwenye kipande cha shamba kilichorukwa. Ndiyo maana kumwambia rubani "angalia nyaya" ni ushauri mwepesi mno. Anachohitaji ni utaratibu unaomrudishia waya kichwani kila mstari.

---

MpungaMbarali

Mkuu BawaChini, ahsante kwa uzi. Huku kwetu REA (wakala wa umeme vijijini) wamepitisha nguzo nyingi miaka ya karibuni, nyingine zinakatiza katikati ya skimu za umwagiliaji. Ndege inapokuja kupiga kweleakwelea, wale ndege wanaokula nafaka, sisi wa chini tumsaidieje rubani?

---

BawaChini

Swali zuri. Mchoro wa shamba kwenye karatasi moja, uchorwe siku hiyohiyo. Wa msimu uliopita tupa. Weka kila nguzo, kila nyumba yenye umeme, kila mashine ya kukoboa na kila pampu, kwa sababu penye mashine lazima kuna waya unaoifuata. Onyesha pia waya wa kuvutia nguzo, ule unaoshuka mshazari hadi ardhini. Huo unasahaulika kuliko yote. Taja mnara wa simu hata kama uko nje ya shamba, kwa sababu kona hukatwa nje ya shamba.

Rubani naye anazunguka kwanza kwa mita 150 hivi, pande zote mbili, kwa sababu waya usioonekana ukiwa na jua mgongoni unaweza kuonekana ukitazama toka upande wa pili. Hatafuti waya, anatafuta nguzo. Anatazama vikombe vinavyoshika waya na mkono wa juu wa nguzo: mkono ukiwa umegeukia upande ambao hauna mstari wa wazi, kuna tawi la waya linaelekea huko. Nguzo yenye waya wa kuivuta maana yake mstari unakata kona hapo au unaishia hapo.

Waya unarukwa juu ya nguzo, si katikati. Nguzo unaiona, na waya ulioshikwa hapo uko kwenye kimo unachokijua. Katikati unalegea kwa joto na unapotelea kwenye rangi ya majani.

Mstari wa pembeni unaokwenda sambamba na waya ufanywe mapema, rubani akiwa bado na umakini, au uachwe upigwe kwa pampu ya mgongoni. Usafishaji wa mwisho, pale mtu anapojiona amemaliza, ndio unaotega.

---

Kizito_Upepo

Kuna marubani wanapita chini ya waya na wanasema ni salama zaidi kuliko kuruka juu, maana huna haja ya kubadilisha kimo na dawa haikatiki. Mnasemaje?

---

BawaChini

Wanaosema hivyo wapo, na baadhi wana saa nyingi sana hewani. Hesabu yenyewe lakini ni hii. Waya wa kilovolti 33 unaweza kuwa mita 6 hivi kutoka ardhini pale ulipolegea. Ndege, toka gurudumu hadi ncha ya mkia, ni mita 3 na ushee. Mpunga au ngano inakula karibu mita 1. Unabaki chini ya mita 2 za kugawana juu na chini, kwa kasi ya mita 62 kwa sekunde, hewa ya mchana ikikurusha. Na hujahesabu waya wa simu au wa nyumba uliofungwa chini ya ule mkubwa. Kwangu hiyo si njia ya kazi.

Kuhusu vifaa: ndege hizi huwa na kisu cha kukata waya kwenye miguu na mbele ya kioo, na kebo inayotoka juu ya chumba cha rubani hadi ncha ya mkia ili waya uteleze usinase usukani. Vinasaidia kwa waya mwembamba. Waya mnene wenye chuma katikati unaweza kuiangusha ndege bila kukatika.

---

Ndege_ya_Narok

Ndugu zangu, ongezeni milingoti ya kupimia upepo. Ni bomba jembamba lenye nyaya za kulivuta pande zote, linasimamishwa kwa siku moja. Leo shamba ni tupu, kesho lipo. Januari 2011 huko California ndege ya kilimo aina ya Rockwell S-2R iligonga mlingoti wa namna hiyo karibu na Oakley, rubani akafa. Marekani ilikuwa haidai taa wala rangi kwa kitu kilicho chini ya futi 200, yaani mita 61, na wajenzi waliishia chini kidogo tu ya kipimo hicho. Kwetu popote penye miradi ya upepo, kama Kajiado au Singida, ulizeni kabla ya kuruka.

Lakini mimi nataka tuguse hewa yenyewe. Ngano ya Narok inalimwa juu, ambako hewa ni nyepesi, na joto huifanya iwe nyepesi zaidi. Mji wa Narok uko karibu mita 1,830, yaani futi 6,000. Kwa kimo hicho joto la kawaida la vitabu ni nyuzi 3. Mchana ukifika nyuzi 25 kuna ziada ya nyuzi 22, na kila nyuzi moja ni kama kuongeza kimo kwa futi 120 hivi. Ndege itajiona iko futi 8,640, karibu mita 2,630. Injini ya pistoni isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa) inapoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo robo ya farasi zako imebaki pwani.

Chukua Kilombero kwenye miwa: mita 300, nyuzi 34. Ukipiga hesabu ileile unapata kama futi 3,500. Rubani aliyezoea kupakia Kilombero akija Narok na mzigo uleule, uwanja wa vumbi unamwishia.

---

KonaSitini

Naongezea kwenye kona, maana waya wanasingiziwa mengi ambayo ni ya kona.

Bawa lina kasi ambayo chini yake linaacha kubeba. Marubani tunaita stoli. Tuseme ndege ikiwa imenyooka inastoli kwa kilomita 100 kwa saa. Ukiilaza digrii 45 bila kupoteza kimo inastoli kwa 119. Digrii 60 inakuwa 141. Digrii 70 inafika 171. Hapo sijaweka dawa. Uzito wote wa ndege ukipanda kwa asilimia 44, ile 100 ya mwanzo inakuwa 120, na digrii 60 sasa ni karibu 170. Rubani amevuta juu mwisho wa shamba, kasi imeshuka, anailaza ndege kwa haraka ili asichelewe mstari. Namba mbili zinakutana.

Kona ya kazi inavyotakiwa: toka mwisho wa mstari, funga dawa, panda ukiwa umenyooka kwanza. Geuka kama digrii 45 kufuata upepo unakokwenda, subiri, kisha rudi kwa kona ndefu ukielekea upepo unakotoka. Kugeukia upepo kunaifupisha njia yako ardhini, kwa hiyo huhitaji kuilaza sana. Anayefanya kinyume anasukumwa na upepo nje ya mstari, anajibana, anasaidia kwa mguu. Huo mguu ndio unaoua. Ukikanyaga usukani wa mkia kulazimisha pua izunguke, bawa la ndani linastoli kwanza na ndege inapinduka kuelekea chini ya kona. Kwa mita 50 hakuna kujikwamua.

Kingine ni macho. Upepo ukiwa mgongoni ardhi inakimbia, unajiona una kasi ya kutosha. Sindano ya kasi inasema vingine. Iaminiwe sindano.

---

MpungaMbarali

Swali la mtu wa chini: kama uzito ndio tatizo, si wanamwaga tu dawa yote?

---

KonaSitini

Ndiyo, na hapo ndipo pananiuma kwenye ripoti nyingi: ndege imechimba ardhi tangi likiwa bado limejaa.

Mlango wa dharura uko chini ya tangi, wenzo wake uko mkononi mwa rubani. Kanuni ya Marekani ya ndege za kilimo, ile Sehemu ya 137, inataka ndege inayofanya kazi juu ya makazi iweze kumwaga angalau nusu ya mzigo ndani ya sekunde 45. Ndege za kisasa zinamaliza kazi hiyo kwa sekunde chache. Kinachochelewa ni uamuzi. Dawa ni mali ya mtu, rubani anawaza bili, sekunde mbili zinapita.

Suluhisho: amua kabla ya kuwasha injini. Weka alama nusu ya uwanja. Ukifika hapo hujapata asilimia 70 ya kasi ya kunyanyuka, mwaga na funga breki. Hakuna kufikiria upya. Na ukimwaga ukiwa hewani, pua inanyanyuka kwa nguvu. Wenzo wa usukani usukumwe mbele saa hiyohiyo, la sivyo umetoka kwenye uzito ukaingia kwenye stoli.

Mlango wenyewe ujaribiwe kila asubuhi kwa lita kama 200 za maji. Unga wa salfa au mbolea ukikauka kwenye mpira wa mlango unashika kama saruji, na kebo yenye kutu inakatika siku unayoihitaji.

---

Mpakiaji_Na1

Kuhusu uzito kuna mtego mmoja upo mikononi mwetu wapakiaji. Tunapima kwa lita, ndege inabeba kilo. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000. Lita 1,000 za malathion ya ULV, ile isiyochanganywa na maji, ni kilo 1,230. Mtu akijaza hadi alama ileile aliyozoea, ameongeza uzito wa watu watatu bila kujua. Mzigo wa kwanza wa siku uwe nusu, hasa mafuta yakiwa yamejaa. Baada ya hapo rubani ameshauonja uwanja na upepo.

Mafuta ya mapipa: pipa liinamishwe kidogo lipumzike, mrija wa pampu usiguse chini, uachwe sentimita 5. Pakeni ile dawa ya kupimia maji inayobadilika rangi kwenye kijiti, kila pipa, hata lenye lakiri. Pipa lililosimama kwenye mvua linavuta maji kupitia kifuniko likiwa limefungwa vizuri kabisa.

Na propela. Kupakia injini ikiwa inaunguruma kunaokoa muda, lakini njia ya kuingia na kutoka iwe moja, kutokea nyuma ya bawa kwenda kwenye valvu ya ubavuni. Hakuna anayepita mbele, hata akisahau kofia. Bomba la kupakia lishikwe na mtu mmoja, na huyohuyo ndiye anayempa rubani ishara ya kuondoka.

---

Fundi_Spana

Naona mmesahau kwamba bawa linaweza kung'oka.

Oktoba 2013, karibu na Ulladulla, Australia, PZL M18 Dromader ilikuwa inapambana na moto wa msituni. Ndege hii ilizaliwa kwa kazi ya kilimo. Bawa la kushoto lilikatika hewani, rubani akafa. ATSB walikuta ufa wa uchovu kwenye sikio la chini linaloshika bawa, na ufa ulianzia kwenye vishimo vidogo vya kutu. Ukaguzi ulikuwa umefanyika kabla, lakini kwa mkondo wa umeme badala ya njia ya chembe za sumaku aliyoitaka mtengenezaji, na ufa haukuonekana. Ndege hiyo pia ilikuwa imefanya kazi kwa uzito na kasi zinazoharakisha uchovu wa chuma.

Fundi ajifunze nini? Hesabu ya saa peke yake haitoshi. Saa moja yenye kona 60 na tangi limejaa haifanani na saa moja ya safari. Mzigo unaozidi kiwango cha kawaida uandikwe kwenye daftari, na vipindi vya ukaguzi vifupishwe ipasavyo. Rangi itolewe kwenye sikio la bawa kabla ya kupima. Njia ya kupima ni ile iliyoandikwa, si ile ambayo mashine yake ipo karibu.

Kutu kwenye ndege za kilimo haiji kwa mvua. Inaletwa na urea na mrututu. Mrututu ukikutana na aluminiamu unaila. Kila jioni vua vifuniko vya ubavuni, osha kwa maji mengi na sabuni isiyo kali, kausha. Bomba la maji ya nguvu lisielekezwe kwenye beringi wala bawaba, linasukuma uchafu ndani. Mabomba ya chuma ya kiunzi hula kutu toka ndani kwenda nje. Gonga, sikiliza, toboa kwa msumari panapotia shaka.

Vinyunyizi vinavyozunguka vya ULV, kama Micronair, vinahitaji mizani. Kipande kimoja cha feni kikivunjika, mtikisiko unakwenda hadi kwenye bawa. Kama kina breki kifunge, kama hakina rudi utue.

---

BwanaShamba_K

Nachangia upande wa sumu, maana ajali nyingine huanzia kwenye ngozi.

Viuatilifu vya jamii ya fenthion, malathion na fenitrothion vinazuia kimeng'enya cha kolinesterasi mwilini. Dalili za mwanzo hazifanani na sumu: kichwa kinauma, jasho, mate mengi, mboni zinasinyaa. Mboni ikisinyaa, mwanga unaoingia ni kidogo. Sasa kumbukeni kweleakwelea hupigwa saa ngapi: jua linapozama, ndege wakiwa wamerudi kwenye mapumziko yao. Rubani mwenye mboni ndogo, giza linaingia, makundi ya ndege yanapanda mbele ya kioo. Tone dogo likiingia jichoni linatosha kusinyaza mboni hata kama damu bado ni safi.

Kwa hiyo rubani asichanganye dawa wala asishike nozeli iliyoziba kwa mikono mitupu. Glavu za kupakilia zisiingie kwenye chumba cha rubani. Kolinesterasi ipimwe kabla ya msimu ili kuwe na kiwango chake cha kulinganishia. Vipimo vya katikati ya msimu bila hicho havikuambii mengi. Ikishuka sana, anakaa chini hadi irudi.

Kioo nacho kioshwe kila mzigo. Nzige wakipondeka kwenye kioo wanaacha mafuta, na ukielekea jua la jioni huoni kitu. Januari 2020 nzige waliilazimisha hata ndege ya abiria ya Ethiopian Airlines iliyokuwa inakwenda Dire Dawa kugeuza na kwenda kutua Addis Ababa. Hiyo ilikuwa kwenye kimo ambacho rubani ana nafasi ya kuamua.

---

Kizito_Upepo

Naona suluhisho ni moja, droni. Rubani yuko ardhini, habari imeisha.

---

Ndege_ya_Narok

Kwa kiota kidogo cha kweleakwelea kwenye matete, nakubaliana nawe kabisa. Kwa shamba la hekta elfu, droni yenye tangi la lita 40 dhidi ya AT-502 yenye lita karibu 1,900 si mashindano, ukihesabu na betri. Na droni ikiwa kwenye anga moja na ndege yenye rubani, imekuwa waya mwingine, tena unaotembea. Zikiwepo zote mbili, mgawane kwa saa: droni zote ziwe chini kabla injini ya ndege haijawashwa, na mtu mmoja athibitishe kwa redio.

---

BawaChini

Narudi kwenye "kosa la rubani". Mwaka 2014 bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, ilitoa ripoti maalumu baada ya kuziangalia ajali 78 za kazi za kilimo za mwaka 2013. Mambo waliyoyaona ni manne: uchovu, upungufu wa mwongozo wa kupima hatari za kazi hii, matengenezo hafifu, na mitihani ya marubani isiyopima kazi yenyewe. Ukiyasoma, matatu yanaamuliwa na watu wasiokuwemo ndani ya ndege.

Uchovu ndio mgumu kuliko yote kwa sababu wadudu hawana ratiba ya ofisi. Rubani anaamka saa kumi usiku kuwahi hewa tulivu, mchana analala kwenye joto chini ya bawa, jioni anarudi kwa kweleakwelea. Mkataba unaolipa kwa hekta unamsukuma zaidi. Ukiweza kuuandika upya, lipa siku ya kusubiri hata kama hakuruka.

---

MpungaMbarali

Nashukuru wakuu. La mwisho: ndege ikianguka shambani kwetu, tufanye nini dakika za kwanza?

---

BwanaShamba_K

Msikimbilie wote. Kama imegonga waya, chukulieni waya ulioanguka bado una umeme hadi shirika la umeme lithibitishe limezima. Kaeni mbali, hasa kwenye maji ya jaruba. Njooni toka upande upepo unakotoka, maana kuna mvuke wa dawa na mafuta. Chumba cha rubani kwenye ndege hizi kiko nyuma ya tangi na kimezungushiwa mabomba ya chuma, kwa hiyo anaweza kuwa hai hata kama mbele kote kumesagika. Zimeni swichi kuu kama inafikika, kateni mikanda ya mabega na kiuno kwa kisu, mshikeni kichwa na shingo. Nguo zilizolowa dawa zitolewe, aoshwe kwa maji na sabuni kabla ya kupakiwa kwenye gari, na mwenye kumwosha avae glavu. Karatasi ya lebo ya dawa iende naye hospitali. Daktari akijua ni jamii ya fenthion atajua kuandaa atropini.